Nauli Ndogo Kutoka Don Mills

Don Mills ni mtaa wa Toronto uliochorwa kwenye karatasi kabla ya kupata mkazi. Mwaka 1953 tajiri wa viwanda E. P. Taylor alianza kuujenga kwenye mashamba ya North York, wakati huo nje ya jiji, kwa ramani ya kijana Macklin Hancock: sehemu nne za makazi kuzunguka kituo cha maduka kwenye makutano ya barabara za Don Mills na Lawrence, ofisi na viwanda pembeni, miti kila mahali. Ulikuwa mtaa wa watu wenye magari. Uwanja wa ndege haukuwamo kwenye ramani hiyo. Ndege za abiria hutua uwanja wa Pearson, Malton, upande wa pili wa jiji, zaidi ya kilomita 20 kwa barabara kuu ya 401. Hata hivyo bei ya kiti cha ndege imekuwa habari ya nyumbani hapa na kwa majirani wa Flemingdon Park na Thorncliffe Park, kwa kuwa tangu miaka ya 1970 wamehamia watu ambao wazee wao na makaburi yao yako Dar es Salaam, Kampala, Nairobi na Mombasa. Historia ya nauli nafuu, ikitazamwa kutoka mtaa huu, si historia ya ukarimu wa mashirika. Kila nauli iliposhuka, kazi fulani au hasara fulani iliyokuwa ya shirika ilihamishiwa kwa abiria.

Ndege zilifika jirani kabla ya nyumba. Mwaka 1917, vita ikiendelea Ulaya, jeshi la anga la Uingereza lilifungua uwanja wa kufundishia marubani huko Leaside, ng'ambo ya bonde la mto Don. Tarehe 24 Juni 1918 Kapteni Brian Peck alitua hapo akitokea Montreal na mfuko wa barua, safari inayohesabiwa kuwa ya kwanza kubeba posta kwa ndege nchini Kanada. Siku zile Ontario ilikuwa imepiga marufuku pombe, Quebec haikuwa imefanya hivyo, na inasimuliwa kwamba wiski iliyopakiwa kwa ajili ya harusi ilikuwa nzito kiasi kwamba ndege ilipata taabu kupanda juu. Kama ni kweli, huo ndio mzigo wa kwanza kuzidi kipimo katika anga la Toronto, na haukulipiwa hata senti.

Baada ya Vita Kuu ya Pili nauli za kimataifa hazikuwa suala la soko. IATA, umoja wa mashirika ya ndege ulioundwa Havana mwaka 1945, ulikutanisha wanachama wapange bei, na serikali zikaidhinisha. Abiria wa Toronto aliyetaka kwenda London alikuta bei ileile kila kaunta. Mashirika yalibaki kushindana kwa chakula na tabasamu, na hata chakula kilileta ugomvi: mwaka 1958, daraja la bei ya chini lilipoanzishwa katika safari za Atlantiki, wajumbe walibishana kwa dhati juu ya sandwichi, iwe na nini ndani ili isigeuke mlo kamili. Katika mpango huo aliyekuwa na kipato cha kawaida alipanda meli, au alibaki.

Mwanya uliopatikana ulikuwa ndege ya kukodi. Sheria iliruhusu kundi lenye shughuli moja, kama chama cha walimu, kwaya au wafanyakazi wa kiwanda kimoja, kukodi ndege nzima na kugawana gharama. Kiti kimoja kikashuka bei sana, kwa sababu ndege iliondoka imejaa. Sharti lilikuwa kwamba chama kisiwe kimeundwa kwa ajili ya safari, na kila abiria awe mwanachama kwa miezi sita au zaidi. Matokeo yake hayahitaji kubuniwa: vyama vya wafugaji wa ndege na wapenda maua vikapata wanachama wengi ambao hawakuwahi kuhudhuria mkutano, na kadi zikawekewa tarehe za nyuma. Wakaguzi nao walikuja viwanjani kuwahoji abiria, na aliyeshindwa kueleza chama chake kinafanya nini angeweza kubaki chini na mabegi yake. Kiti cha bei ndogo kilidai ujasiri wa kusema uongo mbele ya mtu mwenye sare.

Kanada ilikuwa na bingwa wake wa biashara hiyo. Max Ward, rubani wa maeneo ya kaskazini yasiyo na barabara, alianzisha Wardair mjini Yellowknife mwaka 1953 kwa ndege ndogo ya kubeba wachimba madini na vifaa vyao. Mwaka 1962 alianza kuvusha makundi hadi Ulaya kwa DC-6 ya rafadha. Mwaka 1966 akapata Boeing 727, na mwaka 1973 Boeing 747. Jambo la ajabu kwa msomaji wa leo ni kwamba nauli ndogo ya Wardair haikuja na kiti kikavu. Abiria waliletewa nyama iliyochomwa vizuri kwenye sahani za kaure za Royal Doulton, bila nyongeza. Ward alijua hesabu yake: ndege iliyojaa hadi kiti cha mwisho inaweza kumudu sahani nzuri. Alichomnyima abiria ni uhuru wa kuchagua siku. Ndege iliondoka siku ya kundi na kurudi siku ya kundi, na aliyefiwa katikati hakuwa na namna ya kuwahi mazishi kwa tiketi hiyo.

Kwa Waafrika Mashariki wengi waliofika Don Mills, safari ya kwanza haikuwa ya kuchagua. Tanzania ilitaifisha majumba ya kupangisha mwaka 1971, na familia nyingi za asili ya Kihindi zikaanza kuondoka. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Kanada ilifungua ofisi Kampala mwanzoni mwa Septemba, na ndege ya kwanza iliyokodiwa na serikali yake ilifika Montreal tarehe 28 mwezi huo. Hadi muda ulipokwisha, tarehe 8 Novemba, ndege 31 zilikuwa zimechukua watu 4,420. Walipokelewa kwenye kambi ya jeshi ya Longue-Pointe, wakapewa makoti ya baridi, kisha wakatawanywa kwenye miji. Zilikuwa ndege za kukodi za aina ileile iliyovusha kwaya na walimu, ila hapa tarehe ya kurudi haikuandikwa.

Majengo marefu ya kupanga kusini mwa Don Mills yaliwapokea wengi wao pamoja na waliojilipia nauli kutoka Dar es Salaam na Nairobi. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, aliwafanya wakazi hao wahusika wa riwaya yake No New Land ya mwaka 1991, juu ya familia ya Lalani kutoka Dar katika jengo moja la Don Mills. Alama kubwa zaidi ya jumuiya hiyo, yenye Waismailia wengi, iko barabara ya Wynford: Kituo cha Waismailia, kilichochorwa na Charles Correa, na Jumba la Makumbusho la Aga Khan, la Fumihiko Maki, vyote vikifunguliwa mwaka 2014. Kabla yake palikuwa na makao makuu ya kampuni ya Bata, yaliyojengwa mwaka 1965 na kubomolewa mwaka 2007. Mtoto wa Kariakoo aliyevaa raba za Bata kwenda shule, akahamia Don Mills ukubwani, alikuwa jirani wa ofisi zilizokuwa zikisimamia biashara ya viatu vyake.

Waliohamia walitaka kurudi kuona jamaa, na hapo mabadiliko ya mwaka 1973 yaliwafaa. Serikali zilichoka na michezo ya kadi za chama. Badala yake zikaruhusu ndege za kukodi zenye kuwekewa nafasi mapema, ambazo mtu yeyote angeweza kupanda ilimradi alipe wiki nyingi kabla na akae ng'ambo kwa muda uliowekwa. Ndege za kwanza duniani za mpango huu ziliruka Aprili 1973 kati ya Manchester na Toronto, na aliyezirusha alikuwa Mwingereza Freddie Laker. Uongo ukaisha. Mahali pake pakachukuliwa na muda: abiria alimkopesha mwenye ndege fedha zake kwa miezi, na kama mipango yake ilibadilika, hasara ilikuwa yake.

Lakini ndege hizo zilimfikisha mtu wa Don Mills Uingereza tu. Kusini mwa hapo bei zilirudi kuwa za IATA, na shirika la East African Airways, lililounganisha London na nchi tatu za Jumuiya ya Afrika Mashariki, lilikufa mwanzoni mwa 1977 pamoja na jumuiya yenyewe. Waliobana matumizi walikwenda kwa mawakala wa vichochoroni London, waliouza kwa punguzo lisilotangazwa viti ambavyo mashirika yalishindwa kuvijaza. Tiketi hizo zilikuwa halali kwa kiasi fulani: karatasi ilionyesha bei rasmi, mkono ulilipa bei nyingine. Ubaya wake ulikuwa njia. Kiti cha bei ndogo kilikuwa cha shirika lenye wateja wachache, lililopitia mji mkuu wake kwanza, na abiria akalala kwenye benchi la uwanja usiku kucha akilinda mabegi. Mtu aliyetoka Toronto Jumatatu aliweza kufika Dar Alhamisi, na zawadi zimekunjamana.

Tarehe 26 Septemba 1977 Laker alianzisha Skytrain kati ya London na New York kwa pauni 59 kwenda tu. Hakukuwa na kuweka nafasi: abiria alipanga foleni siku ya safari, akanunua tiketi kama ya basi, na chakula kilikuwa cha kulipia. Toronto haikuwa kwenye njia hiyo, ila mfano uliingia kila mahali. Chakula kiliondolewa ndani ya nauli na kuwekwa bei yake, na abiria wengi walikuja na vikapu vyao bila kuona aibu. Kampuni ilifilisika tarehe 5 Februari 1982, ikiacha abiria wenye tiketi za kurudi zisizo na ndege. Huko kukwama ndiko kutakakorudiwa Kanada mara kadhaa.

Kanada ililegeza udhibiti wa anga kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 1988. Wardair, ambayo wakati huo ilikuwa imeingia katika safari za ratiba, iliuzwa mwaka 1989 na sahani zake zikatoweka. Toronto ikapata Canada 3000, iliyoanza mwaka 1988 kama kampuni ya ndege za watalii na kukua hadi kushika nafasi ya pili nchini. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 abiria walipungua ghafla; usiku wa kuamkia tarehe 9 Novemba ikasimamisha ndege zake zote. WestJet ya Calgary, iliyoanza tarehe 29 Februari 1996, ilinusurika. Kwa miaka michache ilikuwa na kituo chake cha mashariki katika uwanja wa Hamilton badala ya Toronto, kwa sababu ada za huko zilikuwa ndogo. Mkazi wa Don Mills aliyefurahia nauli yake alilazimika kwanza kuvuka jiji zima na kuendelea makumi ya kilomita kandokando ya ziwa. Bei ya petroli na ya maegesho haikuandikwa kwenye tiketi.

Jetsgo, shirika jingine la nauli nafuu, ilisimama tarehe 11 Machi 2005, mwanzo wa likizo ya shule ya Machi, wakati familia zilikuwa tayari zimefunga mabegi. (Miaka 18 baadaye, tarehe ileile ya 11 Machi, ndege nne za shirika la Flair zilichukuliwa na kampuni zilizozikodisha kwa sababu ya deni la pango, baadhi yake Toronto, na likizo ileile ikaharibika. Wanaonunua tiketi za Machi Ontario wana haki ya kuwa na ushirikina kidogo.) Kisa cha Jetsgo kilionyesha tofauti ambayo abiria wengi hawakuwa wameiona. Ontario ina mfuko wa fidia kwa wateja wa mawakala wa safari waliosajiliwa. Aliyenunua kwa wakala alikuwa na mahali pa kudai; aliyenunua mwenyewe moja kwa moja kwa shirika kupitia intaneti, akijivunia kuokoa kamisheni, aliambiwa aulize kampuni ya kadi yake ya benki. Wakala mwenye ofisi ndogo kwenye safu ya maduka, anayejua Kiswahili na Kigujarati na anayejua nani amefiwa, alikuwa bima ambayo watu waliichukulia kama adabu tu.

Swali lililobaki ni kwa nini nauli za Kanada hazikushuka kama za Ulaya. Nchi ni pana na watu ni wachache. Hiyo ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni ada. Viwanja vikubwa viliwekwa chini ya mamlaka zisizo za faida, ambazo hata hivyo hulipa serikali pango la ardhi na kutoza kila abiria ada ya uboreshaji. Mwaka 2002 ikaongezwa tozo ya usalama. Kwa hiyo wakazi wa Toronto wakagundua Buffalo. Mji huo wa Marekani uko mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, na tangu mwaka 2000, JetBlue ilipoanza kuruka kutoka huko, maegesho yake yamejaa namba za magari za Ontario. Abiria hupita mpaka kwa pasipoti, hueleza kwa afisa kwamba haendi Buffalo bali Florida, na akirudi hupanga foleni darajani usiku. Kwa mwenye pasipoti ya Kanada ni usumbufu tu. Kwa mgeni mwenye hati za Kenya au Tanzania njia hiyo haipo bila viza ya Marekani, na nauli nafuu hapo imekuwa ya raia kuliko ya maskini. Treni ya kwenda Pearson yenyewe ilipofunguliwa Juni 2015 ilitoza dola 27.50 kutoka katikati ya jiji. Ilikimbiwa, na mwaka uliofuata ikashushwa hadi dola 12.

Kizazi cha karibuni ni cha mashirika yanayouza kiti peke yake. Swoop iliruka kwa mara ya kwanza Juni 2018 kutoka Hamilton na kufungwa Oktoba 2023. Lynx iliishi kuanzia Aprili 2022 hadi Februari 2024. Flair ingali inaruka. Ndani ya nauli yake ya msingi abiria hupewa kiti na ruhusa ya mfuko mdogo unaoingia chini ya kiti cha mbele. Begi la kuweka juu hulipiwa, kuchagua kiti hulipiwa, na anayesubiri kulipia begi mlangoni hulipa zaidi ya aliyelipia nyumbani. Abiria amekuwa karani: anajiandikisha, anapima, anajaza. Sheria imefuata nyuma taratibu. Tangu Desemba 2012 nauli inayotangazwa Kanada lazima iwe na kodi na ada zote zisizoepukika, jambo lililoua matangazo ya tiketi za dola 9. Tangu 2019 kuna fidia ya kuchelewa kwa saa tatu au zaidi kwa sababu zilizo chini ya uwezo wa shirika na zisizo za usalama: dola 400 hadi 1,000 kwa mashirika makubwa, lakini 125 hadi 500 kwa madogo. Mnunuzi wa tiketi ya shirika dogo amewekewa thamani ndogo hata katika usumbufu wake.

Upande wa pili wa safari nao ulibadilika. Hadi leo anayetoka Toronto kwenda Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe huunganisha ndege Addis Ababa, Ulaya au Ghuba. Tarehe 29 Novemba 2012 shirika la nauli nafuu la Fastjet lilianza safari kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa nauli iliyoanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, na watu waliozoea kukaa kwenye basi mchana na usiku wakapanda ndege mara ya kwanza. Jambojet ya Kenya ilifuata tarehe 1 Aprili 2014 kwa nauli kuanzia shilingi 2,850 za Kenya, na Oktoba mwaka huo flydubai ikafika Dar, Zanzibar na Kilimanjaro.

Hapo ndipo abiria wa Don Mills hukutana na mzani wa aina mbili. Ndege za kuvuka Atlantiki zimezoea kuhesabu mabegi, mara nyingi mawili ya kilo 23 kila moja; ndege ya nauli nafuu ya ndani hupima kilo na kutoza zilizozidi. Mabegi yaliyofungwa Toronto kwa uangalifu hufunguliwa sakafuni Dar, na makoti ya watoto, dawa za bibi na sufuria huhamishiwa mikononi mwa jamaa waliokuja kupokea. Tiketi zikiwa mbili, ya shirika hili na ya lile, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haisubiri wala hairudishi fedha. Fastjet ilisimamisha safari zake za Tanzania mwishoni mwa 2018. Njia ya Mwanza iliendelea kuhudumiwa na Air Tanzania, iliyofufuliwa mwaka 2016 kwa ndege mbili za Q400 zenye viti 76. Jambojet nayo iliacha Boeing ikachukua ndege za aina hiyohiyo kwa safari za Kisumu, Ukunda na Lamu. Zote ziliundwa Downsview, katika North York ileile ya Don Mills, kwenye kiwanda ambacho uzalishaji wake ulihitimishwa mwanzoni mwa miaka ya 2020.